Jiwe la Hammurabi, Louvre: fundi mwashi anatoa nyota nne

Mimi ni fundi mwashi, miaka 27 na mwiko mkononi. Louvre, jumba la makumbusho la Paris, nimeingia kwa sababu binti yangu anayesoma huko alishanikatia tiketi. Umati wote unakimbilia Mona Lisa; sisi tukashika njia ya upande wa Richelieu, chini.

Jiwe ni basalti nyeusi, mita 2.25, laini mpaka mkono unawasha kulipapasa (usiguse!). Juu, Hammurabi mfalme wa Babeli (Iraki ya leo) amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na haki. Chini yao sheria kama 282, kwa maandishi ya kabari madogo, yamenyooka kama yamepigwa uzi wa mwashi. Mchongaji yule ningempa kazi kesho.

Binti akanisomea ya 229 kwenye simu: nyumba ikianguka kwa ujenzi mbovu ikamuua mwenye nyumba, fundi auawe. Inayofuata: akifa mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa fundi. Tukatazamana. Nikakumbuka ukuta mmoja wa Mbagala, nikanyamaza.

Haki yenyewe ilikuwa na madaraja. Ukimtoboa muungwana jicho, na lako litobolewe. La mtumwa, nusu ya bei yake tu.

Waelamu, watu wa Irani ya kale, waliliteka jiwe karne ya 12 KK wakalipeleka mji wao wa Susa, wakafuta mistari ya chini. Wafaransa wakalifukua huko 1901 na 1902. Nyota moja naizuia hapo: Mwiraki akitaka kuona sheria za mababu zake, aombe viza.

Msiende Jumanne, wanafunga.