Laini mbili, mtaro mmoja

Kama unatafuta kampuni ya kukuunganishia matawi na makao makuu, soma hapa kabla hujamwaga wino.

Nasimamia mitambo ya saccos yenye makao makuu Dar na matawi Nyanda za Juu Kusini. Mfumo wote uko kwenye seva Dar. Tawi likikatika, dada wa kaunta anabaki kutazamana na wateja. Ndiyo maana tukalipia laini mbili kila tawi: faiba, waya unaofukiwa ardhini, ndiyo kuu, na ya akiba ni ya redio, dishi juu ya paa linatazama mnara. Kijana wa mauzo wa kampuni iliyotuuzia zote mbili aliapa: "Kaka, hizi ni njia mbili tofauti kabisa. Moja ikifa nyingine inapokea, mteja hajui lolote."

Juzijuzi, mwisho wa mwezi, watu wamejaa, Mbeya ikakatika. Barabara kuu hapa inapanuliwa kuwa njia nne, kwa hiyo katapila kula faiba si habari. Nikatulia, redio ipo. Wapi! Nikafungua kabati la mitambo: taa ya redio kijani kabisa, inang'aa, dishi na mnara wanaelewana vizuri. Ruta ikahamishia kila kitu huko, na kila kitu kikafia huko, kwa sababu mnara wenyewe unalishwa na faiba ile ile, kwenye mtaro ule ule uliofukuliwa. Yaani tumelipa mara mbili kwa shimo moja.

Nikapiga huduma kwa wateja. Zima ruta, washa. Nikamweleza dada kwamba tatizo liko nyuma ya mnara. "Sawa bosi, lakini umeshazima ukawasha?" Nikazima, nikawasha, yaishe. Nilipopiga tena: "Mbona kwetu laini yako inaonekana iko hewani?" Iko hewani! Na kaunta kuna mzee ameshika kitabu chake tangu asubuhi, ananitazama kama mimi ndiye nimekula pesa zake.

Mafundi wao nisiwasingizie. Walikuja jioni, wakaketi kwenye tope wakiunga nyuzi moja moja kwa mwanga wa tochi, hadi usiku mtandao ukarudi. Wale nawapa nyota tano. Na kusema kweli laini ikiwa nzima sina neno, mfumo unapaa. Pengine ningesema huduma ni nzuri, aliyesanifu njia ndiye kaharibu.

Nilishapoa, hadi ankara ikaja. Laini ya akiba imetozwa mwezi mzima! Kuuliza, naonyeshwa mkataba: laini itakuwa hewani asilimia 99.5 ya muda. Inasikika tamu, ila piga hesabu: ni zaidi ya saa tatu na nusu gizani kila mwezi bila wao kudaiwa chochote. Sisi tulikaa gizani zaidi ya hapo, wakasema saa zinahesabiwa tangu tiketi ifunguliwe, yaani tangu wao waandikishe tatizo. Na tiketi aliichelewesha nani? Nzuri gani tena hiyo, nafuta nilichosema.

Sasa naipigia debe setilaiti iwe ndiyo akiba. Hizi za zamani ziko kilomita 35,786 juu, kila ombi linachelewa kama nusu sekunde na mfumo utajikokota, lakini katapila haliifikii.

Bosi anataka tuongeze mkataba kwa kuwa bei yao iko chini. Nimemwambia walete kwanza ramani ya faiba, kutoka kwenye mnara hadi Dar. Nimewaomba mara kadhaa. Wananitumia kipeperushi cha ofa.