Hifadhi ya mtandaoni kwa mafaili makubwa: ipi uilipie kwanza

Niliwahi kupoteza folda ya GB 340, video ghafi za kazi ya wiki tatu. Kompyuta ilikuwa imejaa, nikaifuta folda hiyo nikiamini kwamba nakala ipo mtandaoni. Huduma niliyokuwa nikiilipia ikaona folda imetoka kwenye kompyuta, nayo ikaiondoa upande wake. Mteja alipotaka marekebisho siku ya 47, pipa la taka lilikuwa limeshasafishwa tangu siku ya 30.

Ndiyo maana siku hizi nikiulizwa huduma gani ni bora, sianzi na idadi ya TB (TB 1 ni GB 1,000) wala bei. Naanza na hili: faili likipotea leo, utalirudishaje, na itachukua muda gani?

Huduma nyingi tunazozijua ni za kusawazisha. Kilichopo kwenye kompyuta ndicho kilichopo mtandaoni. Ukifuta huku, kule nako kunafutika. Google Drive huliweka faili lililofutwa kwenye pipa la taka kwa siku 30, na Dropbox katika vifurushi vyake vya kawaida hukupa siku hizo hizo 30. Nakala rudufu ni kitu kingine: inachukua faili, inatunza matoleo yake ya nyuma, na haifuati kila kosa la mkono wako. Ukiwa na mafaili makubwa yasiyoweza kutengenezwa upya, unahitaji hiyo ya pili.

Jambo jingine la kupima kabla ya kutoa hela ni kasi yako ya kupakia. Usiichanganye na ya kupakua, ambayo mara nyingi ndiyo kubwa na ndiyo inayotajwa kwenye matangazo. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, TB 1 inapanda kwa zaidi ya siku 9, usiku na mchana. Kwa megabiti 100 ni kama saa 22. Katika siku 9 intaneti itakatika tu, kwa hiyo huduma isiyoweza kuendelea pale ilipoishia usiiguse hata ikiwa ya bure.

Ya kwanza: Backblaze Personal Backup. Kwa mtu mwenye kompyuta moja na diski za nje zilizojaa, hii ndiyo ninayoitaja kabla ya nyingine zote. Unalipia kompyuta, hulipii GB, yaani nafasi haina kikomo, na diski za nje zinazochomekwa kwenye kompyuta hiyo zinaingia humo humo. Inafanya kazi yenyewe nyuma ya pazia. Siku ya msiba huna haja ya kupakua TB 4 kwa wiki nzima, kwani wanaweza kukutumia diski yenye data hadi TB 8 kwa njia ya posta, na ukiirudisha ndani ya siku 30 unarudishiwa hela ya diski. Mapungufu yapo: ni ya Windows na Mac pekee, na haichukui diski za kwenye mtandao wa ndani, zile zinazoitwa NAS. Ukishaisakinisha tu, fungua mipangilio uchague muda wa kutunza matoleo ya zamani. Usiuache kwenye siku 30.

Neno "bila kikomo" nalo liangalie kwa makini. Amazon iliondoa kifurushi chake cha namna hiyo mwaka 2017, kisha ikaifunga Amazon Drive yote mwishoni mwa 2023. Dropbox nayo iliacha kutoa nafasi isiyo na kikomo kwa biashara mwaka huo huo wa 2023. Basi hata ukichukua ninayoiweka ya kwanza, diski yako ya nje usiiuze. Tarehe 10 Machi 2021 jengo zima la seva za OVHcloud, kampuni ya kuhifadhi data mtandaoni, liliteketea kwa moto huko Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja ambao nakala yao ya pekee ilikuwa ndani ya jengo hilo.

Ya pili: Backblaze B2 au Wasabi. Hapa unalipia kiasi unachohifadhi kila mwezi. Ni chaguo zuri kwa mwenye NAS, anayetumia mfumo wa Linux, au mwenye maktaba kubwa asiyotaka ikae kwenye kompyuta. Utahitaji programu ya kupakia. Mimi natumia rclone, ambayo ni ya bure, inakata faili kubwa vipande na inaweza kusimba kila kitu, yaani kukifanya kisisomeke bila ufunguo, kabla hakijatoka kwako. Soma masharti ya kutoa data: B2 inakuruhusu kupakua bure kila mwezi hadi mara tatu ya ulichohifadhi. Wasabi inakutoza angalau TB 1, na kwa malipo ya kawaida faili ulilofuta kabla ya siku 90 unaendelea kulilipia mpaka siku hizo zitimie. Kwa anayeingiza na kufuta kila wiki, hiyo ni hasara.

Ya tatu: Dropbox, lakini kwa kazi inayoendelea tu. Ukibadilisha sehemu ndogo ya faili la GB 20, inapakia vipande vilivyobadilika badala ya faili lote. Kwa mhariri mwenye intaneti ya taratibu, tofauti yake utaiona siku ya kwanza.

Ya nne: Google Drive na OneDrive. Zinafaa kushirikiana na watu, na huenda tayari unazilipia. Jua mipaka yake: OneDrive inakomea kwenye faili la GB 250, na Google inakuruhusu kupakia GB 750 kwa siku. iCloud ya Apple haipokei faili linalozidi GB 50, kwa hiyo kwa kazi za video nzito nimeiacha nje ya orodha.

Ya tano: MEGA, kwa anayejali usiri kuliko yote. Mafaili husimbwa kwenye kifaa chako kabla ya kuondoka. Chapisha ufunguo wa kurejesha akaunti kwenye karatasi. Ukipoteza nenosiri na ufunguo huo, hata wao hawawezi kukufungulia.

Ya mwisho: Amazon S3 Glacier Deep Archive, ghala la Amazon la data usiyoigusa mara kwa mara. Kuhifadhi ni kwa bei ndogo mno, kutoa ndiko kwenye gharama. Faili unaliomba, unalisubiri saa 12 hadi 48, na unalipia kulitoa. Iwe nakala ya tatu, isiwe ya kwanza.

Yoyote utakayochagua, lipia mwezi mmoja kwanza. Pakia faili la GB 20, chomoa waya wa intaneti likifika katikati, rudisha, uone kama linaendelea au linaanza upya. Kisha lipakue kwenye kompyuta nyingine, lifungue, ulicheze mpaka mwisho.