Slaidi za jicho la kuku: nyota tatu, na lebo mbili zimepishana

Boksi lina slaidi nne za jicho la kiinitete cha kuku: siku ya 3, ya 6, ya 10 na ya 18. Nilizinunua sh. 90,000 kwenye duka la vifaa vya maabara Kariakoo, zikaletwa Tanga kwa basi. Hakuna iliyopasuka.

Jumatatu nikaweka ya siku ya 6 kwenye hadubini, nikawaita vijana wangu wa kidato cha sita. Wapi! Retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, ina tabaka zake zote, kama chapati zilizopangwa kwenye hotipoti. Siku ya 6 ni mapema mno kwa hayo, nikajua hapa pana jambo. Nikachomoa ya siku ya 18, na humo ndimo nikakuta ukuta mmoja mnene wa seli, ila upande wa ndani, katikati ya jicho, kisafu chembamba kimeanza kujitenga. Hizo ni ganglioni, seli za neva zinazotangulia kuzaliwa kwenye retina. Nyuzi zake ndizo zinazounda mshipa wa fahamu uendao ubongoni. Basi, lebo zimepishana.

Sikudai hela yangu kwa sababu ya slaidi ya siku ya 3. Ukikuza mara 400 unaona seli tangulizi, zile zinazogawanyika kuzaa seli nyingine za retina, zimebanana, kila moja imejinyoosha kutoka ukingo hadi ukingo. Viini vyake hupanda na kushuka, lakini seli ikitaka kugawanyika, kiini hurudi ukingo wa nje, unaopakana na tabaka jeusi, lile la seli zenye rangi nyuma ya retina. Tulihesabu tisa zinazogawanyika. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona zote zimepanga foleni upande mmoja?" Swali hilo lilikula kipindi kizima, na sijutii.

Karatasi ya maelezo itupeni. Inasema seli zinazopokea mwanga ndizo za kwanza, na kwamba kila aina ina mama yake. Si kweli. Mwaka 1987 watafiti Turner na Cepko walitia alama seli tangulizi za panya kwa kutumia virusi, wakakuta uzao wa seli moja una aina mbalimbali. Seli za bipola (zinazopitisha ishara kwenda kwa ganglioni) na za Müller (zinazotegemeza nyingine) huja mwishoni.

Nilimpigia muuzaji simu. Akacheka: "Mwalimu, si ubandike tu karatasi juu ya lebo?" Nimebandika. Ila retina ya siku ya 10 imebanduka kwenye tabaka jeusi, na hiyo gundi yangu haiiwezi.