Cessna 182 ya zamani: vifaa vinavyostahili hela yako, toka Tabora

Wakuu wenye ndege ndogo za miaka ya 70, kabla ya rangi mpya na viti vya ngozi wekeni hela kwenye enjini monita kwanza, yaani kifaa cha kufuatilia joto la enjini. Mimi nimefunga JPI EDM 700 na kiukweli ndo kitu bora nilichoinunulia hii ndege, maana geji ya kiwandani inasoma joto la silinda moja tu kati ya sita, hii inaonyesha zote, kila moja na nguzo yake kwenye skrini, ukipaa Tabora mchana wa Oktoba jua linawaka na uwanja wenyewe uko kama mita 1,180 juu ya bahari unaiona moja inapanda kuelekea 400 Farenhaiti wenzake wametulia, unashusha pua kidogo upepo uingie, inapoa. Bila hiyo ungejuaje?

Bei inauma, na lazima ifungwe na fundi mwenye leseni aandike kwenye logibuku, daftari la kumbukumbu za ndege.

Cha bei chee ni kifuniko cha pito, kibomba cha nje kinachopima spidi ya ndege. Huku nyigu wanajenga haraka mno, ukiacha kile kibomba wazi wanaziba na udongo halafu spidi haisomi wakati ushaanza kukimbia kwenye ranwei. Chukua chenye utepe mwekundu mrefu, kinaonekana kwa mbali.

Kipima kaboni monoksaidi nacho usikose, gesi haina harufu, ikivuja toka ekzosi ikapita kwenye hita unasinzia hujui. Vile vibandiko vya kubadilika rangi achana navyo, nunua cha kupiga kelele.

Taa za LED? Nzuri, hazili umeme, ila zinaweza kusubiri.