Milango ya kuzuia moto: ununue upi siku za kukabidhi jengo zikikaribia

Milango kwa kawaida huagizwa mwisho, baada ya vigae na dari. Hapo zimebaki wiki tatu, muuzaji ana mbao za milango (ubao ni ile sehemu inayofunguka na kufungwa) lakini fremu hana, na seremala anasema fremu ni kazi ndogo, atazichonga mwenyewe. Ndiyo maana kipimo cha mpangilio huu ni kimoja: ni kazi kiasi gani inabakia saiti? Maabara iliyoupima mlango kwa moto haikuchoma ubao peke yake. Ilichoma ubao, fremu, bawaba, kitasa, kloza (kifaa kinachoufunga mlango wenyewe) na tepe zake zinazovimba kwa joto, vikiwa kitu kimoja. Ukibadilisha kimoja, cheti ulichopewa kinazungumzia mlango mwingine.

1. Seti kamili ya mbao, kutoka kiwandani na fremu yake

Hii ndiyo ya kwanza kwa vyumba vya hoteli, ofisi na korido. Kwa kawaida ubao wa FD30, yaani dakika 30, huwa na unene wa mm 44. Wa FD60 huwa mm 54. Herufi S ikifuata, mlango unazuia na moshi. Nafasi za bawaba tatu, tundu la kitasa na mifereji ya tepe zimekatwa tayari. Kazi ya fundi ni kupiga timazi, kufunga na kuziba.

Udhaifu wake ni unyevu. Ukiingiza mbao kwenye jengo ambalo plasta bado mbichi, tena Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika, zitavimba tu. Mlango unagoma, fundi anashika randa na kunyoa mm 6 mahali ambapo watengenezaji wengi huruhusu mm 3 hivi. Ukingo wa mbao ngumu umekwenda, pengine na lebo yake. Dawa ni kufunga fremu mapema, kutundika plaiwudi ya muda, na kuleta mbao zenyewe jengo likishakauka. Vipimo navyo visingoje plasta: amua ukubwa wa milango wakati kuta zinajengwa, na acha takriban mm 10 kila upande wa fremu.

2. Seti ya chuma

Kwa chumba cha umeme, stoo na jenereta, hii hata huishinda ya kwanza, maana haivimbi na hakuna wa kuinyoa. Uwazi ukikosewa utachonga ukuta, basi. Uliza ndani kuna nini. Karatasi yenye matundu kama sega la nyuki ni nyepesi na rahisi, lakini haizuii joto kama sufi ya mawe. Kwenye vyeti vya Ulaya, E60 maana yake moto na miali havipenyi kwa dakika 60. EI60 huongeza kwamba upande wa pili haupati joto kali. Kwenye ngazi ambako watu watapita karibu na mlango, dai EI. Pwani chagua bati lililopakwa zinki, na kama cheti kinataka fremu ijazwe mota, ijazwe kweli.

3. Ubao wenye cheti, fremu ya seremala

Inakubalika pale tu cheti cha ubao kinapotaja aina ya fremu inayoruhusiwa: uzito wa mbao, upana na unene wake, na tepe za kiasi gani. Tepe hizi huvimba kwenye joto la karibu nyuzi 200 na kuziba upenyo. Kwa FD30 utepe wa mm 15 kwa 4 ni wa kawaida. FD60 huhitaji zaidi. Upenyo wa pembeni na juu uwe mm 2 hadi 4, kwa sababu ukizidi hapo utepe unavimba na bado haufiki upande wa pili. Bawaba ziwe za chuma: alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na moto wa chumba hupita hapo. Kloza iwe ya kiwango cha Ulaya cha EN 1154, nguvu namba 3 au zaidi.

4. Usinunue: mlango mzito wa mninga au mvule "usioshika moto"

Mbao ngumu huungua polepole, kama nusu milimita kwa dakika, na hapo ndipo udanganyifu unapoanzia. Miimo ya ubao ni minene, lakini paneli zilizo kati yake mara nyingi ni mm 18 tu, na kwenye maungio huwa nyembamba zaidi. Hapo kwenye maungio nusu saa haifiki. Tena moto hausubiri paneli. Hupita pembeni, kwenye upenyo usio na utepe.

Karatasi kabla ya malipo

Omba ripoti ya kipimo cha moto, cha Uingereza (BS 476 sehemu ya 22) au cha Ulaya (EN 1634-1), na uisome. Ripoti ya ubao mmoja haihalalishi mlango wa mbao mbili zinazofunguka pande mbili. Ripoti isiyo na kioo haikuruhusu kukata dirisha saiti. Cheti cha ulinganifu ambacho mzigo hupewa kabla ya kusafirishwa si ripoti ya moto. Hata lebo haitoshi: baada ya moto wa Grenfell Tower, London, mwaka 2017, mlango kutoka jengo hilo uliotakiwa kuhimili dakika 30 ulipopimwa ulihimili kama 15.

Siku ya kufunga

Kati ya fremu na ukuta pakia sufi ya mawe, kisha mastiki (gundi laini ya kuzibia) ya kuzuia moto. Povu la kawaida la kopo huungua, na ndilo fundi mwenye haraka hulichukua kwanza. Fungua mlango sentimita 7 uuachie. Kisha ufungue nyuzi 90 uuachie tena. Mara zote mbili ulimi wa kitasa uingie wenyewe bila kusukumwa. Rudi tena mpaka rangi akishamaliza: lebo iliyofichwa na rangi isafishwe, na brashi ya moshi (ile ya nywele inayoziba upenyo usipitishe moshi) iliyopakwa rangi ing'olewe na kuwekwa mpya.