ELM327 kwa gari la zamani: inapima, haitengenezi

Gari linamisi (silinda haichomi mafuta vizuri) na linakunywa mafuta? Kisomeo hiki kidogo cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, ni nafuu kuliko kubadilisha vipuri kwa kubahatisha. Kichomeke kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, unganisha na simu, acha injini ipate moto.

Anza na joto la maji. Likiganda nyuzi 60 badala ya kufika 80 hadi 95, thamostati (vali ya maji ya kupoza injini) huenda imekwama wazi. Kompyuta inadhani injini bado ya baridi, inazidisha petroli. Halafu tazama marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakizidi asilimia +10, hewa inapenya pasipotakiwa au sensa ya hewa ni chafu (vumbi la Tabora wakati wa kiangazi halina huruma). Yakishuka chini ya -10, petroli ni nyingi mno.

Kodi (namba ya hitilafu) P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi. Hamishia koili yake (inayopeleka umeme wa cheche kwenye plagi) silinda ya pili, futa kodi, endesha. Ikirudi P0302, koili ndiyo mbovu. Ikibaki ileile, fungua plagi.

Kasoro yake: Toyota nyingi za miaka ya 1990 zilizotengenezwa kwa soko la Japani haizisomi kabisa. Na usikiache kimechomekwa wiki nzima, kinanyonya betri.