Uzoefu wangu: kufuta kwa masharti kwenye Cassandra

Kwenye Cassandra, hifadhidata inayosambaza data kwenye seva nyingi, DELETE yenye IF (futa ikiwa tu sharti ni kweli) naitumia kwa kazi moja hasa: kuachia kufuli, yaani rekodi inayozuia michakato miwili kushika kazi moja kwa wakati mmoja. Mchakato unaoanza kazi huandika INSERT yenye IF NOT EXISTS na USING TTL 30 (rekodi hujifuta baada ya sekunde 30), na ukimaliza hutuma:

DELETE FROM kufuli WHERE kazi = 'malipo' IF mmiliki = 'w7';

Bila sharti hilo, mchakato w7 uliochelewa hadi TTL yake ikaisha ungefuta kufuli ambalo sasa limeshikwa na w9. Jibu huja na thamani ya applied. Ikiwa false, linakutajia pia mmiliki wa sasa, kwa hiyo huna haja ya kusoma upya. Hapo nawapa watengenezaji wa Cassandra maksi zote. Ila applied lazima uitazame, maana amri iliyokataliwa na sharti haitupi kosa lolote.

Tatizo ni kasi. Huduma hii ya amri zenye IF iliingia toleo la 2.0, mwaka 2013, ikiendeshwa na Paxos (utaratibu wa nodi, yaani seva, kukubaliana), na kila amri ilidai mizunguko minne kati ya nodi inayoratibu na nodi zenye nakala. Toleo la 4.1 lina Paxos iliyopunguza safari hizo, lakini haijiwashi: weka paxos_variant: v2 kwenye cassandra.yaml.

Panapounguza watu ni muda unapokwisha. Ukipata WriteTimeoutException ya aina ya CAS (muda umeisha kwenye amri yenye sharti), usiandike kwenye logi kwamba ufutaji umeshindikana. Huenda umepita, huenda utapitishwa na amri ijayo. Soma rekodi ileile kwa kiwango cha uthabiti cha SERIAL (LOCAL_SERIAL ikiwa ndicho ulichofutia): usomaji huo humalizia kwanza Paxos iliyoachwa njiani, ndipo hukujibu. Kusoma kwa QUORUM ya kawaida (wingi wa nakala) hakukufanyii hilo.

Na kilichoandikwa kwa IF kifutwe kwa IF. DELETE ya kawaida mara nyingi hubeba muhuri wa saa ya mteja. Saa hiyo ikiwa nyuma kwa milisekunde kadhaa tu, ufutaji unamezwa kimyakimya na maandishi yaliyotangulia. Usifikirie kujinusuru kwa USING TIMESTAMP, haikubaliwi pamoja na IF.

Kwa foleni za kazi sikushauri. Kila rekodi iliyofutwa huacha alama ya ufutaji (tombstone, yaani jiwe la kaburi), na kwa gc_grace_seconds ya 864000 alama hiyo haiondolewi kabla ya siku 10. Kutafuta kazi ya kwanza kwenye foleni kunageuka kuruka makaburi.